Baada ya Ushindi: Wasomaji na Kitabu cha Pili cha Orïsha

Tomi Adeyemi alikuwa na umri wa miaka 24 riwaya yake ya kwanza, Children of Blood and Bone, ilipotoka Machi 2018. Haki za filamu zilikuwa zimeshauzwa kabla kitabu hakijafika madukani. Kikakaa muda mrefu kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa sana Marekani, kikatwaa tuzo ya Andre Norton, kisha tuzo ya Lodestar, zote mbili za riwaya za vijana. Wasomaji waliokipenda walikipenda kwa sauti moja. Kitabu cha pili, Children of Virtue and Vengeance, kilitoka tarehe 3 Desemba 2019, baada ya kucheleweshwa, na hiyo sauti moja ikavunjika. Wapo waliosema kimewavunja moyo, wapo waliosema ni kizito na cha kweli kuliko cha kwanza, na wapo wengi, pengine ndio wengi kuliko wote, waliokisoma mpaka mwisho kwa haraka, wakakifunga huku wamekasirika, kisha wakaanza kuuliza cha tatu kinatoka lini.

Mgawanyiko huo unastahili kuchambuliwa kwa makini, kwa sababu unagusa jambo kubwa kuliko kitabu kimoja. Unatuonyesha msomaji kijana anadai nini kwa hadithi ya kishujaa inayosimuliwa kwa vitabu vitatu, na anakataa nini. Nikiyasoma malalamiko yenyewe, naona mambo mawili yamefungwa katika furushi moja. Lipo linalohusu ufundi wa masimulizi, na hapo wasomaji wana haki. Na lipo linalohusu uchungu wa wahusika, yaani kwa nini watu tuliowapenda wamekuwa wakali, wabishi na wenye kinyongo. Hapo mimi nasimama upande wa mwandishi. Nitataja yanayotokea katika kitabu, maana maoni haya hayawezi kupimwa pasipo kuyataja. Asiyekisoma na anayetaka kukisoma bila kujua mambo asome kwanza.

Tuanze na kile ambacho kitabu cha kwanza kiliahidi. Zélie, binti wa mvuvi wa kijiji cha Ilorin, aliachwa bila mama na msako ambao Mfalme Saran aliuendesha dhidi ya watu wenye uganga, miaka 11 kabla ya hadithi kuanza. Tangu hapo uganga umetoweka katika nchi ya Orïsha. Waliosalia ni watoto wa wale waliouawa, wanaotambulika kwa nywele zao nyeupe, wanaotozwa kodi za kuwakamua na kudharauliwa mitaani. Amari, binti mfalme, anatoroka ikulu akiwa na hati ya kale inayoweza kuuamsha uganga, baada ya kushuhudia baba yake akimuua Binta, mtumishi aliyekuwa rafiki yake wa pekee. Zélie, kaka yake Tzain na Amari wanashika njia, huku Inan, mrithi wa kiti cha enzi, akiwawinda. Ibada ina siku yake moja tu, ikipita basi uganga umekwisha milele. Msomaji anajua nani mwonevu, nani mwonewa, na safari inaelekea wapi. Mwishoni baba yake Zélie anauawa, Saran anakufa kwa mkono wa binti yake mwenyewe, na uganga unarudi.

Uchungu ulikuwamo tangu mwanzo. Adeyemi ni Mmarekani, mtoto wa wazazi waliohamia kutoka Nigeria. Baada ya kusoma fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Harvard alikwenda Salvador, Brazil, kwa utafiti, na huko ndiko alikokutana na picha za Orisha, miungu ya Wayoruba iliyovushwa bahari pamoja na watu waliotiwa utumwani. Katika maelezo yake mwishoni mwa kitabu cha kwanza anasema wazi kwamba aliandika katika kipindi ambacho habari za Wamarekani weusi wasio na silaha kupigwa risasi na polisi zilikuwa zikimfikia mfululizo. Kwa hiyo anayesema kwamba kitabu cha pili kimeleta giza ambalo halikuwapo, hakukisoma vizuri cha kwanza. Giza lilikuwapo, ila lilikuwa na mlango wa kutokea, na mlango huo uliitwa ibada.

Kitabu cha pili kinaanza msibani. Zélie anamlilia baba yake, na anaanza kuona alichokifanya. Ibada imefanya kazi kupita kiasi, imeamsha uganga hata ndani ya watu wa tabaka la watawala walio na asili ya wenye uganga, watu ambao Adeyemi anawaita tîtán. Adui aliyekuwa na upanga sasa ana upanga na uganga. Mkali kuliko wote ni Malkia Nehanda, mama yake Amari. (Msomaji anayeijua historia ya Zimbabwe atashtuka kidogo kulikuta jina hili hapa, maana Nehanda wa kule ni mama wa upinzani, aliyenyongwa na wakoloni mwaka 1898.) Inan, ambaye tulidhani amekufa, yu hai na anatawazwa kuwa mfalme. Zélie anajikuta upande wa waasi waitwao Iyika. Amari anakitaka kiti cha enzi kwa imani kwamba ni yeye tu atakayeweza kuleta amani. Nchi inapigana yenyewe kwa yenyewe.

Sasa malalamiko ya ufundi. La kwanza, na linalorudiwa sana, ni mzunguko wa matukio. Kitabu kinasimuliwa na watu watatu, Zélie, Amari na Inan, katika sura fupi zinazokatika kwa mshtuko. Mtindo huo huo ulitumika mwanzo na ukafaa sana, kwa sababu wote watatu walikuwa barabarani, na kila sura ilikuwa mahali papya. Safari hii kila mmoja ana ngome yake. Anapanga, anashambulia, anashindwa au anashinda nusu, anarudi ngomeni kupanga tena. Amari anataka mazungumzo, Zélie hataki. Inan anaahidi amani, mama yake anaivuruga. Zélie na Amari wanagombana, wanasameheana, wanagombana kwa lilelile. Mara ya kwanza msomaji anahuzunika. Mara ya nne anahesabu kurasa. Vita halisi huwa hivyo, ni kweli, lakini riwaya haina wajibu wa kumchosha msomaji ili kumwonyesha uchovu. Mwandishi ana njia nyingi za kuonyesha kwamba jambo limejirudia pasipo kulirudia zima kila mara.

La pili ni kasi. Kitabu kinakimbia kana kwamba kinaogopa kutulia. Zipo koo kumi za wenye uganga, kila moja na mzee wake, na karibu wote wanaletwa mbele yetu kwa mkupuo mmoja. Tunapewa jina, nguvu na mavazi, kisha vita vinaanza. Wasomaji wengi walisema hawakuweza kuwatofautisha, na mimi nawaelewa. Tofauti ni Mâzeli, kijana anayekuwa msaidizi wa Zélie katika ukoo wa wanaoamuru roho za wafu. Huyu amepewa nafasi ya kucheka, kutania na kuogopa, ndiyo maana kifo chake kinauma hata kwa wale walioshindwa kukipenda kitabu. Hapo ndipo mtu anaona mwandishi anaweza nini akijipa muda. Kanuni za uganga nazo zina tatizo hilohilo. Katika cha kwanza uganga ulikuwa na gharama na mipaka. Katika cha pili nguvu mpya zinaingia pale tu zinapohitajika, na msomaji wa fantasia husamehe mengi lakini hasamehi kubadilishiwa sheria katikati ya mchezo.

La mapenzi nitalipita haraka. Wapo waliokasirika kwamba Inan amerudishwa, wapo waliofurahi. Wapo waliomtaka Roën, yule mamluki, awe na Zélie tangu mwanzo, na wapo walioona hana haja ya yeyote. Ubishi huo una joto lakini hauna uzito. Wenye uzito ni wale waliouliza kama Zélie, aliyetoka kuteswa na kufiwa, angeweza hata kufikiria mapenzi, na jibu la kitabu ni kwamba hawezi vizuri. Kila anapomkaribia mtu, vita vinamkumbusha.

Lililo kubwa ni la tatu. Wasomaji wengi walisema: siwatambui tena. Zélie amekuwa mtu wa hasira tupu. Amari, yule msichana mpole aliyejifunza ujasiri kwa taabu, amekuwa mtu wa kuamuru. Udugu wao, ambao ndio ulikuwa moyo wa kitabu cha kwanza, umechanika. Na Amari anafika mahali pa kutisha: ili ampige mama yake, anakubali kuyaweka hatarini maisha ya watu wasio na hatia, na ya Zélie mwenyewe. Hapo wasomaji wengi waliachana naye. Wengine walisema mwandishi amemharibu.

Sikubaliani nao, na nataka kueleza kwa nini kwa kirefu. Amari amekulia ikulu. Somo alilopewa na baba yake tangu utotoni, kwa upanga mkononi, ni kwamba atakayesita atashindwa. Alimuua baba huyo. Watu wengi walilisoma tendo lile mwishoni mwa kitabu cha kwanza kama ukombozi, wakashangilia, wakasahau kwamba aliyelifanya alikuwa msichana, na kwamba alilifanya kwa mafunzo ya huyohuyo aliyemuua. Kitabu cha pili kinauliza swali ambalo shangwe ile iliruka: mtu aliyejifunza haki katika nyumba ya dhalimu anaijua haki ya namna gani? Amari ana nia njema kweli. Anataka shule, amani, nchi moja. Lakini kila anapobanwa, chombo anachokifikia mkono wake ni chombo cha Saran. Adeyemi hakumharibu. Alimfuata mpaka mwisho wa njia aliyokuwa ameshaanza kuitembea, na hakumwonea haya.

Hivyo hivyo kwa Zélie. Wanaomlaumu kwa hasira wanataka awe amepona. Lakini nani amempa nafasi ya kupona? Mama ameuawa, baba ameuawa, mwili wake umechorwa kovu la mateso, na ushindi alioulipia kwa damu ya baba yake umewapa nguvu wauaji. Angekuwa mchangamfu katika hali hiyo, ndipo tungekuwa na sababu ya kulalamika. Naamini msomaji wa Kiafrika ana jambo la kuongeza hapa ambalo wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani hawakulitaja. Nchi zetu zinaijua hadithi hii. Bendera inapandishwa, watu wanalia kwa furaha, na miaka michache baadaye waliokaa msituni pamoja wanawindana. Waliopigania uhuru mmoja wanaanza kuhesabiana nani alijitoa zaidi, nani ni wa kabila gani, nani mzaliwa wa ikulu. Anayesoma ugomvi wa Zélie na Amari akiwa Bujumbura au Goma hataona ajabu kwamba washindi hawaelewani siku ya pili. Ataona ajabu kama wangeelewana.

Nasema hivyo bila kukiondolea kitabu lawama yake. Swali zito limewekwa ndani ya masimulizi yenye haraka, na haraka hiyo ndiyo inayowafanya wasomaji wadhani uchungu wa wahusika ni uzembe wa mwandishi. Kama uamuzi wa Amari ungepewa sura tatu za utulivu, za usiku wa kuamkia, za mtu anayejibishana na nafsi yake, wasomaji wangemchukia lakini wangemwelewa. Tunachopewa ni mbio, na mtu anayekimbia hatuwezi kumsoma uso. Kwa hiyo mambo mawili niliyoyatenganisha mwanzoni yanagusana hapa: kosa la ufundi limelifunika jambo jema la maudhui.

Ili kuona kwamba hili si tatizo la Adeyemi peke yake, na kwamba lina dawa, inafaa kuwatazama wengine waliopita katika mlango huohuo.

Ursula K. Le Guin alitoa A Wizard of Earthsea mwaka 1968, na wasomaji wake wakamzoea Ged, mchawi kijana mwenye kiburi. Mwaka 1971 akawapa The Tombs of Atuan, na mwanzoni Ged hayumo. Kurasa baada ya kurasa tuko gizani chini ya ardhi na Tenar, msichana aliyechukuliwa kwa wazazi wake akiwa mdogo, akanyang'anywa jina na kufanywa kuhani wa nguvu zisizo na majina. Ged anatokea kitabu kikiwa kimefika karibu nusu, naye anatokea kama mwizi aliyenaswa. Wapo wasomaji waliokiona kitabu hiki ni cha polepole mno, na wapo waliomhoji Le Guin, wakiwa na hoja, kwa nini Tenar asitoke gizani bila mkono wa mwanamume. Lakini kilipata heshima ya Newbery mwaka 1972, na leo wasomaji wengi wanakitaja kuwa ndicho bora katika vile vitatu vya mwanzo. Le Guin alifanya kinyume cha Adeyemi: badala ya kuipanua dunia yake aliibana, badala ya kuongeza watu aliwapunguza. Kitabu kina mahali pamoja na mtu mmoja, na mtu huyo tunamjua mpaka pumzi.

Philip Pullman alichagua njia ya kati. Northern Lights ya mwaka 1995 ilikuwa ya Lyra, mtoto mkorofi, mwongo hodari, anayependwa na kila msomaji. The Subtle Knife ya mwaka 1997 inafunguka na Will, mvulana wa dunia yetu, anayemlea mama mgonjwa na anayemuua mtu bila kukusudia katika kurasa za kwanza kabisa. Lyra anasogezwa pembeni, na hata kipimaji chake cha ukweli kinamwambia amsaidie Will. Wasomaji wa kike hasa wamelilalamikia hilo, na nadhani wana haki, kwani Lyra wa kitabu cha pili ni mtiifu kupita alivyo. Hata hivyo watu wachache wanakisahau kifo cha Lee Scoresby, yule rubani wa puto, anayewazuia askari peke yake katika bonde la mawe huku Hester, nafsi yake katika umbo la sungura, akiwa kifuani pake. Kitabu kinaisha Lyra ametekwa. Waliokisoma kilipotoka walisubiri miaka mitatu, mpaka mwaka 2000, kujua yuko wapi.

Na karibu zaidi na Adeyemi, kwa asili na kwa mada, yuko Nnedi Okorafor. Akata Witch ilitoka 2011. Akata Warrior ilisubiri mpaka 2017, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya riwaya za vijana ileile ambayo sasa inaitwa Lodestar. Hapa tuna kitabu cha pili ambacho kilipokelewa vizuri kuliko cha kwanza, kwa hiyo wanaosema kitabu cha katikati hakina budi kuwa dhaifu wamekosea. Sunny, msichana mwenye ualbino anayeishi Nigeria, anakua. Hatari inayomkabili ina upande wa miujiza, yule pepo Ekwensu, lakini ina upande wa kila siku pia: kaka yake Chukwu ananaswa na magenge ya siri ya chuo kikuu, jambo ambalo Mnigeria yeyote analijua kwa machungu. Okorafor anamruhusu Sunny apumzike, ale, asafiri na marafiki kwenda Lagos, aogope jambo la kawaida. Kwa wasomaji wa Tanzania, ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, shujaa wa aina hii ana maana isiyohitaji kuelezwa. Tukimweka Okorafor kando ya Adeyemi, tofauti ya kwanza ni pumzi. Sunny ana siku ambazo hakuna kinachotokea, na kwa sababu hiyo yanapotokea tunayasikia.

Kuna jambo jingine linalopika maoni ya wasomaji, nalo liko nje ya kurasa: muda. Aliyekisoma kitabu cha kwanza cha Adeyemi Machi 2018 alikaa mwaka mmoja na miezi tisa na wahusika kichwani. Katika muda huo alijitungia mwendelezo wake, akamwoza Zélie kwa amtakaye, akamtawaza Amari. Kitabu cha pili kilipofika kilikuta kingine kimeshaandikwa moyoni mwa msomaji, na hakuna mwandishi anayeweza kushindana na hicho. Yupo pia msomaji wa aina nyingine, ambaye sisi tunamjua vizuri. Huyu anakikuta kitabu cha pili peke yake kwa muuza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara Nairobi, anakinunua kwa kuwa jalada ni zuri na mwandishi ana jina la Kiafrika, anaanza kusoma, na hajui Saran alikuwa nani wala kwa nini kila mtu analia. Kwa huyo Children of Virtue and Vengeance hakina huruma. Hakimshiki mkono hata kidogo.

Wasomaji wa Kiswahili wamelelewa na mfululizo wa namna tofauti. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa: unaweza kuanza na kitabu chochote, kwa sababu kila kimoja kina mkasa wake unaofunguliwa na kufungwa humohumo. Hadithi za magazetini zilizokatwa kwa ahadi ya kuendelea wiki ijayo zilitufundisha kusubiri, lakini kwa siku saba tu. Trilojia inamwomba msomaji jambo gumu zaidi: akubali kununua kitabu kizima ambacho hakitamaliza chochote, kisha asubiri miaka. Si vibaya kuomba hivyo. Ila mwandishi anayeomba hivyo lazima alipe kitu ndani ya kitabu chenyewe. Le Guin alilipa: Tenar anatoka gizani, na hadithi yake imekamilika hata kama cha tatu kisingetoka. Pullman alilipa nusu. Adeyemi alikopa.

Hapo tunafika kwenye mwisho uliowakasirisha wengi. Vita vinaonekana kuisha, ikulu imeanguka, na katika kurasa za mwisho Zélie anazinduka akiwa mateka ndani ya meli, baharini. Kisha basi. Wasomaji walikiita kitendo hicho hila ya kuuzia kitabu kinachofuata, na kwa jinsi kilivyobandikwa ghafla, bila dalili za kutosha huko nyuma, siwezi kuwapinga. Lakini kwa msomaji wa pwani hii, au wa Afrika Magharibi, au wa Salvador ambako wazo lote lilianzia, watu weusi waliofungwa ndani ya meli ya kigeni si mshtuko wa kubuni tu. Ni historia imeingia katika fantasia bila kubisha hodi. Nchi inayopigana yenyewe kwa yenyewe, wenye uganga dhidi ya wafalme, ndugu dhidi ya ndugu, haimwoni mtu wa tatu anayewatazama wote kutoka baharini na kuwahesabu kuwa bidhaa. Hilo ni wazo la kutisha na la kweli, na lingeweza kuwa ndilo lililojengwa kuanzia sura ya kwanza. Lingefanywa hivyo, hakuna ambaye angesema kitabu cha pili hakina kazi.

Cha tatu, Children of Anguish and Anarchy, kilitoka Juni 2024, miaka minne na nusu baadaye. Kinaanzia ndani ya meli hiyo, mikononi mwa wapiganaji wanaojifunika mafuvu ya chuma na wanaomtumikia Mfalme Baldyr. Kwa kiasi fulani kimewafanya wasomaji wakirudie cha pili kwa jicho jingine. Wapo waliosema sasa wameelewa meli ilikuwa ya nini. Wapo pia waliosema, na nadhani hawa wamegusa penyewe, kwamba cha tatu kimeuacha ugomvi wa Zélie na Amari bila kuumaliza inavyostahili, kwa sababu adui mpya amewapa wote sababu ya kuusahau. Ugomvi ule ulikuwa mali ya kitabu cha pili, na ulikuwa mali bora.

Filamu ya kitabu cha kwanza, iliyoongozwa na Gina Prince-Bythewood huku Thuso Mbedu wa Afrika Kusini akiwa Zélie, imepangwa kutoka Januari 2027. Italeta wasomaji wapya, na wengi wao watakwenda moja kwa moja kwenye kitabu cha pili wakiwa na shangwe ya sinema, watakutana na msiba, na malalamiko yataanza upya. Kwao nina hukumu yangu na ombi moja. Kama kazi ya mkono, Children of Virtue and Vengeance kimeshindwa na kile cha kwanza: kimejaza watu, kimerudia mapigano, na mwisho wake umeazimwa kutoka kitabu kingine. Kama tafakuri juu ya kinachowapata watu baada ya kushinda, ndicho kilichothubutu kuliko vyote vitatu. Kisomeni mkiwa na cha tatu mkononi ili meli isiwakere bure, na mkifika kwenye sura za Amari msizikimbize. Yeye ndiye aliyebeba kitabu hiki, na ndiye wasomaji waliyemhukumu upesi kuliko wote.